Maswali ya Wasomaji: Kuua Vijidudu Katika Matangi na Mabomba ya Karavani

Barua za mwezi huu zimetoka pande mbili za dunia, lakini zote zinauliza jambo moja: maji yaliyokaa ndani ya tangi la gari yanafanywaje kuwa salama tena? Tumezipanga kuanzia iliyohitaji maelezo marefu zaidi.

SWALI: Mimi na mume wangu tunaishi Columbus, Ohio. Tumenunua karavani ya kukokotwa iliyokwisha kutumika, yenye tangi la maji safi la galoni 40 na hita ya maji ya galoni 6. Ilikuwa imeegeshwa uani kipindi chote cha baridi. Tulipofungua bomba la jikoni yalitoka maji ya rangi ya waridi yenye povu, kisha yakafuata maji yenye uvundo. Jirani ametushauri tumimine jiki tangini na kusuuza, lakini hakusema ni kiasi gani. Maji ya kunywa tutanunua ya chupa. Je, kazi hii ina ulazima, na kama unao, ifanywe vipi?

JIBU: Dada yangu, ulazima upo hata kama hakuna atakayekunywa tone la maji hayo. Ndani ya karavani watu huoga, hupiga mswaki na kuosha nyanya za kachumbari, na watoto hukaa chini ya bomba la mvua midomo wazi. Isitoshe, yupo bakteria aitwaye Legionella, ambaye hustawi katika maji ya uvuguvugu wa kiasi cha nyuzi 25 hadi 45 za Selsiasi, na ambaye humwingia mtu hasa kwa kuvutwa pumzini pamoja na manyunyu laini wakati wa kuoga. Jina lake limetokana na mkutano wa chama cha maveterani, American Legion, uliofanyika katika hoteli moja ya Philadelphia mwaka 1976, ambapo wajumbe wengi waliugua nimonia ambayo bakteria wake hakutambuliwa mpaka mwaka 1977. Tangi la karavani iliyoachwa juani mwezi Julai hufikia joto hilo kwa urahisi, kwa hiyo maji ya chupa pekee hayatawalinda.

Maji ya waridi yana maelezo yake. Katika majimbo yenye baridi kali, wenye karavani hujaza mabombani kimiminika cha kuzuia barafu kilichotengenezwa kwa propilini glikoli, ili mabomba yasipasuke, na rangi ya waridi huwekwa ili kitambulike. Hicho hakina sumu kali, ila kikibaki mabombani huwa chakula cha bakteria, na uvundo mlioupata huenda umetokana na hilo. Kimiminika cha kupoozea injini, ambacho kwa kawaida hutengenezwa kwa ethilini glikoli, ni sumu na hakitakiwi kabisa kuingia katika mabomba ya maji safi. Kwa sababu rangi peke yake haithibitishi, mwulizeni mwuzaji ni kipi alichotumia, na kama hana hakika, msiendelee mpaka fundi akague.

Kosa linalojirudia katika barua za namna hii ni kuanza na jiki. Klorini, ambayo ndiyo dawa iliyomo ndani ya jiki, haichagui adui: humalizwa na tope, na mabaki ya glikoli, na ule utando wa bakteria unaoota ndani ya bomba kama utelezi wa mtungi usiosuguliwa, na ikishakwisha hapo haibaki ya kuua vijidudu vilivyojificha chini ya utando wenyewe. Kwa hiyo usafi hutangulia. Zimeni pampu, kisha zimeni hita kwa upande wa gesi na wa umeme na kuiacha ipoe kabisa, maana maji yake yana joto na shinikizo la kutosha kumuunguza mtu uso. Ikishapoa, fungueni bomba la maji moto ili shinikizo litoke, ndipo mlegeze kizibo cha chini cha hita, na msishangae kikifuatiwa na chembe nyeupe za chokaa. Fungueni pia koki za kumwagia maji zilizoko sehemu ya chini kabisa ya mfumo, ambazo mara nyingi ni mbili, moja ya maji baridi na moja ya maji moto. Toeni vichujio vyote, kwa kuwa kaboni iliyomo huimeza klorini kabla haijafika mbele na yenyewe ikaharibika. Kabla ya pampu pana kikombe kidogo cha plastiki angavu chenye wavu ndani; kifungueni, kwani mara nyingi humo hukutwa vipande vya plastiki vilivyobaki tangu tangi lilipotobolewa kiwandani, navyo huishikilia taka. Baada ya hapo jazeni maji matupu na kuyamwaga, na kurudia mpaka rangi na povu viishe.

Sasa kipimo. Kinachotakiwa ni miligramu 50 za klorini kwa kila lita ya maji. Ili kupata mililita za jiki, zidisha lita za maji kwa 50, kisha gawanya kwa mara kumi ya asilimia iliyoandikwa kwenye chupa. Galoni ya Marekani ni lita 3.8 hivi, kwa hiyo tangi lenu na hita kwa pamoja vina lita kama 175, ambazo zikizidishwa kwa 50 ni 8,750. Jiki ikiwa ya asilimia 6, gawanyeni kwa 60, mpate mililita 146. Ikiwa ya asilimia 8.25, ni mililita 106. Wamarekani wengi hutumia kanuni ya robo kikombe kwa kila galoni 15, ambayo inalingana na jiki ya asilimia 5.25 iliyozoeleka zamani. Kwa jiki kali ya siku hizi kanuni hiyo huzidisha kiasi, jambo ambalo kwa saa chache halidhuru mabomba ila linaongeza kazi ya kusuuza. Jiki iwe isiyo na manukato, isiwe ile iliyoongezwa uzito ili isiruke matone, na isiwe imekaa zaidi ya mwaka mmoja, kwani hupungua nguvu hata ikiwa imefungwa, na hupungua upesi zaidi ikiwekwa mahali pa joto.

Msiimimine jiki tupu tangini. Ichanganyeni kwanza na ndoo ya maji, mwage mchanganyiko huo ndani ya tangi, ndipo mjaze maji juu yake mpaka yafurike kwenye mrija wa kupumulia. Kujaza mpaka juu ni lazima, kwa sababu dari ya tangi na mrija huo ni sehemu zenye unyevu ambazo maji ya nusu tangi hayazigusi. Washeni pampu, mkaanze na bomba lililo mbali zaidi, upande wa baridi, mkiliacha wazi mpaka harufu ya klorini itoke, kisha upande wa moto, ambao utakohoa hewa kwa muda kabla hita haijajaa. Pitieni kila mahali: sinki la jikoni, la bafuni, bomba la mvua, choo, bomba la nje ambalo watu wengi hulisahau, na mashine ya barafu kama ipo. Bado litabaki bomba fupi la kuunganishia maji ya kambi, ambalo maji ya tangini hayalipitii. Mimineni dawa kidogo ndani ya mpira wa maji, muunganishe, kisha mfungue maji ya nje polepole ili yaisukume ndani.

Acheni dawa ikae usiku kucha. Saa nne ndicho kiwango cha chini kwa nguvu hiyo. Anayeharakishwa anaweza kuongeza kipimo mara mbili, kufikia miligramu 100, na kusubiri saa moja, ingawa kwa karavani iliyokaa na uvundo nashauri usiku mzima. Asubuhi fungueni bomba mnuse, au mpime kwa karatasi za kupimia klorini. Hapa pana jambo la kuangalia: karatasi za mabwawa ya kuogelea kwa kawaida huishia miligramu 10, kwa hiyo zitaonyesha tu kwamba kipimo kimepita. Tafuteni zile zinazotumiwa na mikahawa kupimia maji ya kuulia vijidudu kwenye vyombo, ambazo hufika 200. Klorini ikiwa imetoweka usiku, maana yake bado kulikuwa na uchafu ulioila, na kazi haina budi kurudiwa.

Maji hayo yamwageni kwenye mfumo wa majitaka au mahali palipotengwa kambini, kwani klorini ya nguvu hiyo huua samaki na haifai kuelekea kwenye mtaro wa mvua wala kijito. Kisha jazeni maji safi na kuyapitisha katika kila bomba, mrudie mpaka harufu iwe hafifu kama ya maji ya mjini. Kiwango cha juu cha klorini kinachoruhusiwa katika maji ya kunywa Marekani ni miligramu 4 kwa lita, na hapo ndipo zile karatasi za bwawa zinapofaa. Vichujio vipya viwekwe mwisho kabisa.

Neno moja kuhusu mpira wa maji, ambao ndio unaoirudisha taka ndani ya mfumo mliohangaika kuusafisha. Nunueni ule uliotengenezwa kwa maji ya kunywa, mara nyingi mweupe au wa buluu, kwa sababu mipira mingi ya bustani haikutengenezwa wala kupimwa kwa ajili ya kinywa na huweza kuachia risasi na kemikali nyingine kwenye maji. Ncha zake zifungwe pamoja unapohifadhiwa, na usitumiwe kamwe kusuuzia tangi la choo. Kwa kazi hiyo uwepo mpira mwingine, wa rangi nyingine, unaokaa sanduku jingine.

SWALI: Nipo Houston, Texas. Nilifuata kipimo cha jiki kama kinavyoelekezwa na maji ya baridi hayana tatizo lolote, lakini kila nikifungua maji moto hutoka harufu ya yai bovu. Nimerudia kutia dawa na harufu haijaondoka. Nimekosea wapi?

JIBU: Ndugu yangu, kwa kuwa upande wa baridi ni salama, chanzo si maji unayojaza bali ni hita. Katika hita nyingi zenye tangi la chuma hupachikwa fimbo ya magnesiamu, iitwayo anodi, ambayo kazi yake ni kuliwa na kutu badala ya tangi lenyewe. Inapoliwa hutoa haidrojeni, na wapo bakteria wasiohitaji hewa ambao huitumia haidrojeni hiyo pamoja na salfeti iliyomo majini, wakatoa haidrojeni salfaidi, ambayo ndiyo harufu unayoinusa. Maji ya vuguvugu yaliyotulia wiki kadhaa huwafaa sana.

Lakini kama dawa ilipita humo, wangalikufa. Kwa hiyo nashuku kwamba dawa haikuingia ndani ya hita hata kidogo. Nyuma ya hita, mara nyingi ndani ya kabati chini ya kitanda au sinki, utakuta vali moja, mbili au tatu ambazo hugeuzwa wakati wa baridi ili kimiminika cha kuzuia barafu kiikwepe hita na kuendelea mbele. Zikiachwa katika hali hiyo, bomba la moto litatoa maji, nayo yatanuka klorini vizuri kabisa, huku hita ikiwa imebaki pembeni na maji yake ya zamani. Mwanga wa tochi na dakika chache vitakupa jibu.

Zima hita, iache ipoe, punguza shinikizo kama nilivyomweleza msomaji wa Columbus, kisha toa anodi uitazame. Ikiwa imebaki waya mwembamba wenye vinundu vya chokaa, imemaliza kazi yake. Suuza ndani kwa mrija mwembamba mpaka mashapo yaishe, rudisha vali mahali pake, pitisha dawa upya na uiache usiku kucha ndani ya hita. Harufu ikirudi baada ya muda mfupi, badilisha anodi ya magnesiamu kwa ile ya aluminiamu iliyochanganywa na zinki, ambayo huwalisha bakteria hao kwa uchache zaidi. Usiiondoe kabisa na kuziba tundu, hata kama utashauriwa hivyo, kwani tangi la chuma lisilo na anodi litatoboka. Baadhi ya hita zina tangi la aluminiamu na hazikuundwa kuwa na anodi, kwa hiyo soma kwanza kibandiko cha mtengenezaji kabla ya kununua kitu.

SWALI: Je, inafaa kuchanganya siki na jiki ili chokaa na vijidudu viondoke kwa mara moja? Naishi Toronto, Kanada.

JIBU: Haifai, na tafadhali usijaribu. Tindikali yoyote, hata siki ya jikoni, ikikutana na jiki hutoa gesi ya klorini, ambayo ndiyo iliyotumiwa kama silaha Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915, na ndani ya karavani iliyofungwa madirisha kiasi kidogo tu kinatosha kuumiza mapafu. Amonia nayo hutoa gesi nyingine yenye madhara inapokutana na jiki, na kwa sababu hiyo bidhaa za kusafishia vioo zenye amonia zisikaribie kazi hii. Siki ni nzuri kwa chokaa. Itumie siku nyingine, umwage, usuuze mfumo mzima kwa maji mengi, ndipo siku inayofuata utumie jiki.

SWALI: Shikamoo. Mimi ni dereva wa lori la kambi linalopeleka wageni mbugani kutoka Arusha. Lori lina tangi la plastiki la lita 200, ambalo hujazwa popote tunapopata maji: bomba la mji, kisima cha kambi, pengine mto. Dukani tunapata Jik ya asilimia 3.5. Naomba kujua kipimo cha kusafishia tangi na kipimo cha kutia kwenye maji ya kupikia na kunywa, kwa kuwa mwenzangu anasema ni kimoja.

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Mwenzako amekosea, na kosa lenyewe ni la hatari. Maji ya kuulia vijidudu tangini hayanywewi, na kipimo cha maji ya kunywa hakitoshi kusafishia tangi. Kwa kusafisha, hesabu ni ile ile: 200 mara 50 ni 10,000, ukigawanya kwa 35 unapata mililita 286, na baada ya usiku mmoja maji yote yanamwagwa na tangi linasuuzwa. Kwa maji ya kunywa yaliyo angavu, kipimo ni miligramu 2 tu kwa lita, yaani mililita 11 hadi 12 za Jik hiyo kwa tangi zima. Ni kiasi kidogo sana, kwa hiyo nunua bomba la sindano la duka la dawa na uache kukadiria kwa kifuniko cha chupa. Koroga, subiri nusu saa, kisha upime. Klorini iliyobaki iwe kati ya miligramu 0.2 na 0.5 kwa lita. Vidonge vya kupimia klorini viitwavyo DPD ni rahisi kutumia, kwa kuwa maji hugeuka waridi, na kadiri klorini ilivyo nyingi ndivyo rangi inavyokolea. Chupa ya Jik usiiweke juu ya paa wala karibu na injini.

Maji ya mto yenye tope yana taratibu zake. Yaachie yatulie kwenye madumu, uyachuje kwa kitambaa kizito, ndipo utie kipimo maradufu, miligramu 4 kwa lita, yaani mililita 23 kwa tangi. Hata hivyo, panaponyweshwa mifugo au wanyamapori sitawategemezea wageni klorini peke yake. Kimelea kiitwacho Cryptosporidium, ambacho hupatikana katika kinyesi cha wanyama, hustahimili klorini ya kipimo hiki, na tiba yake ni kuchemsha mpaka maji yatokote au kutumia kichujio chenye matundu madogo ya mikroni moja, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita, au chini ya hapo.

Jambo la mwisho linahusu mahali ulipo. Visima na chemchemi nyingi za kuuzunguka Mlima Meru vina floridi inayopita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na madoa ya kahawia kwenye meno ya watu waliokulia huko yanatokana nayo. Klorini haiiondoi. Kuchemsha hakuiondoi, na huiongeza kidogo maji yanapopungua kwa mvuke. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeshughulikia uondoaji wa floridi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, lakini hicho si kifaa utakachofunga kwenye lori lako kesho. Mgeni wa siku chache hatadhurika meno, bali wewe na mpishi wako mnakunywa maji hayo mwaka mzima, pamoja na watoto mnaowapelekea madumu nyumbani. Pelekeni sampuli ya kila kisima mnachokitumia kwenye maabara ya maji, mwandike majibu kwenye daftari la gari, na visima vilivyozidi kiwango vibaki kuwa vya kuogea na kuoshea vyombo.